Warya, Unapunguza Uzito wa Nini?

Tuanze na kitu wengi wenu hamtaki kusikia: kitako cha bunduki cha alumini hakina mteja Garissa. Hakina. Hata ukichore kiwe chepesi kama unyoya wa kuku, hata ukizungushe kwenye skrini kikimetameta, hata machali mia tano wakikumwagia moto na "noma sana" hapo chini.

Nasema kwa sababu naona imekuwa wimbi. Vijana wetu wenye vichwa kabisa, wale walijifundisha programu za kuchora kwa kompyuta bila mwalimu, usiku, kwa bando la kuomba kwa binamu, sasa mashindano yao ni nani atachora kitako chepesi kuliko mwenzake. Matundu matundu kama wavu wa goli, pembe kali, rangi nyeusi ya kutisha. Ukiuliza unajibiwa, "Ni disaini tu, buda. Si bunduki."

Haya. Mmesema ni disaini, basi tuijadili kama disaini.

Mtu yeyote amewahi kutengeneza kitu cha kutumika anajua kwanza unauliza nani atakibeba na anaenda nacho wapi. Hizo picha mnazoiga zimetoka Marekani na Ulaya. Huko kuna mtu analipia kibali, anapanda mlima siku nzima akitafuta paa au dubu, na kwake nusu kilo kwenye bega ni habari kubwa ikifika jioni. Kuna mwingine analenga shabaha kwa mashindano. Hao ni wateja halali na shida yao ni ya kweli. Sasa mlete hapa. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kabla mama zenu wengi hawajazaliwa. Na mlima wenyewe uko wapi? Kutoka hapa hadi Dadaab ni tambarare na vumbi, kitu kirefu zaidi unaona ni shingo ya twiga na mnara wa simu.

Nani mwingine? Jeshi na polisi hawasubiri faili yako. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki Ruiru, kilichogharimu shilingi bilioni 4, na kikaelezwa kuwa na uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Wana wahandisi wao na wana michoro yao. Ukiondoa hao unabaki na jangili wa pembe, mwizi wa mifugo, na wale wa ng'ambo ya mpaka ambao sitawataja kwa jina kwenye sentensi moja na kazi ya mikono yako. Orodha ya wateja imeishia hapo. Chagua unamchorea nani.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Na NPR je?" Hiyo ndiyo hoja pekee yenye miguu, kwa hivyo nitaipa nafasi. Ni kweli, kuna watu wetu wa akiba ya polisi wanatembea na bunduki kwa mguu, kilomita nyingi, na G3 si mchezo, ni zaidi ya kilo 4 kabla hujahesabu risasi. Lakini kaa naye chini ya mti umuulize anataka nini. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inamhesabu kama mtu aliyejitolea. Atakutajia viatu. Atakutajia maji, redio inayoshika, matibabu akipigwa, na nani atalisha watoto asiporudi. Uzito wa kitako utakuja ukurasa wa tano, kama utakuja. Tena ile bunduki ni ya serikali, hana ruhusa ya kuifungua na kuivalisha nguo mpya kutoka kwa kompyuta yako.

Halafu hata kama disaini, samahani, nyingi ni mbovu. Ngoja niseme kwa nini, maana hapa ndipo mnaponikasirisha zaidi.

Alumini tunaiita nyepesi kwa sababu tunailinganisha na chuma. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7, ya chuma ni karibu 7.8. Sawa. Lakini mbao nyingi zinaelea kwa maji, maana yake gramu 1 haifiki. Ukichukua umbo lilelile la kitako cha mbao ukalijaza alumini, umeliongeza uzito mara tatu au zaidi. Ndiyo maana michoro yenu yote imejaa matundu: mnatoa jasho kurudisha wepesi ambao mti ulikuwa nao bure. Kisha kuna jua. Garissa mchana ni nyuzi 35, siku mbaya inapita hapo. Weka sufuria tupu nje saa saba, rudi saa nane, ulaze shavu lako juu yake. Hicho ndicho mnachomchorea mtu alaze shavu. Hakuna hata mmoja wenu aliyefikiria hilo, kwa sababu aliyechora mchoro wa kwanza mliounakili alikuwa kwenye baridi.

Na kuna upande ambao si wa kucheka. Sheria ya Silaha, Sura 114, haishughuliki na bunduki nzima peke yake, sehemu zake pia zimo ndani, na hakuna ruhusa ya kutengeneza bila kusajiliwa. Lakini wacha sheria kwanza. Fikiria kizuizi cha polisi kwenye daraja la Tana. Wewe ni kijana Msomali, umri 20, unasafiri kwenda Nairobi, umetoa kitambulisho, askari anataka kuona simu. Kwenye simu kuna picha sabini za kitako cha bunduki kwa pembe zote, na vipimo. Utamwambia nini? "Ni disaini tu, buda"? Chali wa Kilimani mwenye picha hizo ni mpenda michezo ya video. Wewe ni kesi. Si haki, nakubali kabisa si haki, na mimi nitapiga kelele siku zote kwamba si haki. Aprili 2014 watu wetu walijazwa uwanja wa Kasarani kwa maelfu wakikaguliwa kama mizigo, na kosa lao lilikuwa sura. Lakini kujua si haki hakutakutoa ndani usiku huo, wala hakutamwambia mama yako umepelekwa wapi.

Hii sehemu ya nchi imejua bunduki kuliko inavyostahili. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Garissa yenyewe kuchomwa Novemba 1980. Uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, wanaume waliolazwa juani siku kadhaa na wengi hawakurudi. Hizo zilikuwa bunduki za serikali. Kisha zikaja za wale wengine: basi la Mandera Novemba 2014, watu 28, machimbo ya mawe siku chache baadaye, watu 36. Na Aprili 2, 2015, alfajiri, watu wanne tu wenye bunduki waliingia Garissa University, na ilipofika jioni watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi wa umri wenu. Wanne. Sidhani kuna mtu alilalamika siku hiyo kwamba bunduki ni nzito mno.

Basi nikiona kijana wa Bula Iftin amekesha wiki mbili akipunguza gramu 300 kwenye kitu hicho, sioni ubunifu. Naona kipaji kilichopanda gari lisilo lake.

Sasa tuongee uzito wa kweli. Uzito ambao uko hapa kila siku, unabebwa na watu mnaowajua kwa majina, wengi wao mnawaita hooyo na eedo.

Nenda pale mabasi ya Nairobi yanapopakia. Utaona mitungi ya plastiki, ya njano na nyeupe, iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, imefungwa kwa kamba na ina maziwa ya ngamia. Ngamia ndiye aliyetubakia. Misimu mitano ya mvua ilifeli kutoka 2020 hadi 2022, ng'ombe wakalala njiani, na familia iliyokuwa na ngamia ndiyo iliyokunywa. Maziwa hayo ni biashara ya kina mama kuanzia boma hadi Eastleigh. Isiolo kina mama wa ushirika wa Anolei wamekuwa wakipeleka Nairobi kwa miaka mingi, na wanatuacha mbali. Hapa kwetu ni kama kilomita 370 za lami, jua, vizuizi na wasiwasi. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipokata barabara, aliyekuwa na maziwa upande huu alikunywa hasara yake mwenyewe.

Na adui wa hayo maziwa ni chombo. Maziwa ya ngamia yanavumilia kuliko ya ng'ombe, lakini hayavumilii mtungi mchafu. Mdomo wa mtungi wa plastiki ni mdogo, mkono hauingii. Unaweka maji moto, unatikisa na kokoto, unamwaga, unasema alhamdulillahi. Ndani plastiki imekwaruzika, na kila mkwaruzo ni nyumba ya kulala wageni kwa bakteria wa jana. Leo wanapata maziwa mapya, joto la nyuzi 35, safari ya saa sita au zaidi. Wakifika Eastleigh ni harusi. Mnunuzi anafungua, ananusa, anasukuma nyuma. Shangazi yangu hasemi "yameharibika", anasema "yamenirudia", kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Bodi ya Maziwa ya Kenya inajua, ndiyo maana imekuwa ikikataza maziwa kubebwa kwa plastiki. Inataka chuma kisafi: alumini au chuma kisichoshika kutu. Sawa kwa karatasi. Mashirika nayo yameleta madebe ya alumini kaskazini, yale ya mviringo, marefu, yenye shingo, mnayoyajua. Na bado stendi imejaa plastiki. Kwa nini? Wengine wanasema kina mama ni wakaidi. Huo ni ujinga wa kukaa ofisini. Kina mama wamepiga hesabu kuliko mhandisi.

Angalia. Debe la alumini la lita 20, likiwa tupu, ni kilo 4 hivi. Unaona? Karibu sawa na ile G3 inayowanyima usingizi. Mtungi wa plastiki wa ukubwa huo haufiki hata kilo 1 na nusu. Debe ni mviringo, kwa hivyo kwenye mkokoteni wa punda na kwenye buti ya basi linaacha nafasi tupu kila upande, na makanga anakutoza nafasi. Likirudi tupu linachukua nafasi ileile kama likiwa limejaa, wakati mitungi kumi unaifunga kamba moja inarudi juu ya basi kama mashada ya ndizi. Mfugaji aliye mbali ana lita 3 au 5 za asubuhi, na debe dogo la kumfaa halipatikani. Bei ni maelfu, mtungi ni mia kadhaa. Ungekuwa wewe ungenunua nini?

Kwa hivyo hii hapa shida ya disaini. Alumini. Nyepesi. Ya kubebwa na mtu anayetembea mbali. Ni shida yenu ileile! Tofauti ni kwamba hii ina wateja mlangoni tangu saa kumi na moja alfajiri.

Fanya hesabu kidogo. Bati la alumini la unene wa milimita 1.5 lina kama kilo 4 kwa mita moja ya mraba. Chombo cha lita 20 kinakula karibu nusu mita ya mraba. Tayari uko kilo 2, kabla ya mshikio na kifuniko. Nusu ya uzito wa debe la sasa. Swali linakuja: mbona yale ya viwandani ni mazito? Kwa sababu debe linarushwa kutoka juu ya basi, linaburutwa, linakaliwa. Bati jembamba litabonyea wiki ya kwanza. Hapo ndipo akili yako ya matundu inapohitajika, ila kwa njia nyingine: mikunjo kwenye kuta ili bati jembamba liwe gumu, pete nene chini pekee mahali linapogonga, ukingo uliokunjwa juu. Nyenzo inakaa pale nguvu inapopita, kwingine inapungua. Si ndiyo hicho mnajisifu nacho kwenye vitako?

Umbo nalo. Karai na sufuria zikiwa tupu zinaingiliana kwa sababu zimepanuka juu. Ukichora chombo cha pembe nne, pembe ziwe za mviringo ndani ili kusiwe na kona ya uchafu, chini chembamba kidogo kuliko juu, kumi tupu zitarudi Garissa zikichukua nafasi ya mbili au tatu. Lakini mdomo ukiwa mpana, kifuniko kinakuwa kikubwa, na kifuniko kikubwa kinavuja barabara ikiwa mbaya. Hiyo ni kazi ngumu, sitadanganya. Mpira wa kuziba, klipu, nani atauza mpira mwingine ukichakaa. Ukilitatua hilo nitakuita mhandisi mbele ya watu.

Jua pia, tena hapa linaweza kuwa rafiki. Alumini inapitisha joto haraka, ndiyo sababu inachoma shavu. Lakini ivalishe gunia lililoloweshwa, upepo upite, na lile joto linatoka haraka vilevile, kuliko kupitia plastiki. Kina mama wanajua gunia bichi tangu zamani. Kinachokosekana ni ukuta unaolisaidia.

Na usikimbilie kwa fundi ukamwambia ayeyushe kila kitu. Alumini inayeyuka nyuzi 660, mafundi wa jua kali wanaimudu kila siku, na mimi nawaheshimu. Ila chuma chakavu cha injini na radieta kinaweza kuwa na risasi, ile madini ya sumu, na inatoka polepole kuingia kwa chakula. Kiswahili kina utani wake: ile ya bunduki na hii ya sumu ni neno moja. Hatutaki risasi yoyote kwa maziwa ya watoto. Bati safi la chakula, limenunuliwa likiwa bati. Pia maziwa yakichacha yanaila alumini taratibu, kwa hivyo suusa ikae kwa chombo kingine. Hicho ni cha safari, kioshwe, kikauke.

Tena msidhani mnaanza kutoka sifuri. Ayeeyo zetu walisuka dhiil na haan kwa nyuzi za mimea na mizizi, zikashika maziwa bila kuvuja, nyepesi, zikining'inia ubavuni mwa ngamia kwa siku nyingi, zikafukizwa moshi wa mti uliochaguliwa ili maziwa yakae na yanukie. Hakuna aliyewapigia makofi mtandaoni. Hata kwa makumbusho utaona wameandika "kazi ya mikono", kama kwamba hesabu ya uzito, nguvu na usafi ilifanyika yenyewe.

Nishajua majibu. "Maziwa si noma." Kweli, debe halitakupa moto mia tano. Picha ya bunduki inaleta watu kama nzi, nami naishi kwa kutazamwa, najua utamu wake. Lakini wale mia tano hawanunui. Mama mmoja stendi akikubali chombo chako, kesho atakuuliza kuhusu kingine, na jirani yake naye. "Sina mtaji." Kitako ungekitengeneza kwa mtaji gani? Anza na karatasi ngumu na gundi, umbo kamili, uone kama linaingia kwenye buti. "Serikali ndiyo ifanye." Ifanye, na nitaikumbusha. Ilituchukua zaidi ya miaka 60 ya uhuru hadi Rais Ruto atangaze mapema 2025 kwamba ule msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa mipakani uishe. Sasa maziwa ya shangazi yangu hayana miaka 60. Yana saa kama sita.

Mabasi ya asubuhi yanapakia mapema. Chukua futi kamba, pima buti, pima mlango wake, pima mkokoteni wa punda upana na urefu. Omba ruhusa, hawa ni watu wazima na wako kazini, usiwapige picha za usoni. Kisha mwombe mama mmoja akuonyeshe mkono wake unafika wapi ndani ya mtungi anapouosha. Ukipata vipimo nitumie, nitaviweka hapa kila mtu achukue.